Siku Okoth Alipopoteza Jina Ukutani

Hii aibu nimeificha miaka mingi, na hata leo nikimwona Mama Okoth sokoni najifanya nimepokea simu. Lakini kwa vile chai mmenunua nyinyi, wacha niseme.

Mnakumbuka ile Januari ya vita baada ya kura, mtaa wetu wa Laini Saba ulivyonyamaza mpaka ukasikia mabati yakilia kwa jua. Mimi nilikuwa na kastudio ka picha, na ndani kompyuta kuukuu niliyoinunua ofisi moja ilipoitupa, kubwa kama kabati, yenye prosesa nne, yaani akili nne za kufanya kazi (nne, jamani, na mtaa mzima watu wanatumia moja). Pasta akaniomba niende mtaa wa Kawangware, kwa kuwa mimi mtu wa Machakos, ambaye kabila langu halikuwa upande wowote, nilikuwa bado napita kote, nipige picha watu wetu waliokimbilia kanisa la huko, niandike kila mmoja na jina lake, nizibandike kwenye ukuta wa kanisa letu ili jamaa zao wajue wako hai. Nikapiga watu sitini, na majina nikayaandika kwenye daftari kwa mpangilio ule ule.

Kurudi, stima inazima inawaka. Kuweka jina chini ya kila picha, prosesa moja ikienda moja baada ya nyingine, ingechukua asubuhi nzima, nikajiuliza hizi zingine tatu nazilisha stima ya nini. Nikabadilisha programu yangu, zote nne zishike picha kwa pamoja, na yoyote ikimaliza ichukue jina linalofuata kwenye orodha. Sikufikiria kwamba picha nzito itachelewa, na nyepesi iliyo nyuma yake itachukua jina lake iondoke nalo. Lisaa limoja, kwisha. Nikaprinti bila kuangalia (ati mimi fundi), nikabandika, nikasimama kando nikingoja kushukuriwa.

Hakuna aliyenishukuru. Watu walisonga polepole mbele ya ule ukuta, wakigusa karatasi kwa kidole, wakinong'ona. Mzee mmoja alimpata mke wake anaitwa Mutua, jina la mwanamume. Halafu Mama Okoth, muuza dagaa wa omena, ambaye hakuwa amemwona kijana wake wiki tatu na simu yake imezima, akalipata jina la Okoth, na juu yake uso wa msichana asiyemjua. Nikajua nimeharibu, maana kwa kabila lake Mama Okoth jina la mtu hupewa mwingine mwenyewe akishakufa.

"Jina lake limeshapewa mtu," akasema kwa sauti ya chini, akavua leso kichwani, akaketi pale pale sakafuni. Wamama wakaketi naye, wakaanza kuomboleza.

Hapo ndipo nikaanza, mbele ya kanisa zima, kueleza habari za prosesa. Pasta akaniuliza kama nimekunywa. Nikaukimbilia ukuta, nikaupata uso wa Okoth chini kabisa, umeandikwa Mwikali, nikampelekea mama yake. Akautazama sana, kisha akaniuliza atauamini vipi huo uso na aliyeubandika ni mimi huyu huyu.

Basi nikaenda Kawangware kwa miguu, roho mkononi, nikarudi na kijana alasiri. Waombolezaji wakampisha njia. Mama yake hakumkimbilia, alimtazama tu kutoka pale chini.

"Sema jina lako."

"Okoth, mama."

Akamwambia arudie. Alirudia mara tatu ndipo akanyoosha mkono kumgusa, na mimi nikalia kuliko wote. Tangu siku hiyo, kitu chochote chenye jina la mtu nakifanya kimoja kimoja, nakiangalia kwa macho yangu, na mteja akiniambia ana haraka namwonyesha mlango.