Nirvair alivyompandisha baba yake kwenye lori la jokofu

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Selma, California, Nirvair Gill amekunja suruali hadi magotini, anasugua sakafu ya tela kwa maji na sabuni. Likibaki na harufu ya vitunguu, zabibu hazipakiwi humu.

"Lile la zamani nilikuwa nafagia tu, naondoka," anasema huku akicheka. "Hili linataka kuogeshwa kama bwana harusi."

Kwa miaka minane, kwa lori lake mwenyewe, Nirvair alivuta tela la mizigo mikavu: matairi, nepi, karatasi za chooni. Msimu huu akakodi la jokofu, na leo mwenye tela anataka jibu: alinunue au alirudishe.

Jokofu humwingizia karibu robo zaidi kwa safari. Lakini linakunywa dizeli hata lori likiwa limesimama, na likizimika njiani, shehena nzima ni hasara yake.

Baba yake, mzee Mukhtiar, alikata zabibu katika mashamba ya hapa miaka ishirini, hadi mgongo ukapinda. Yeye hakulitaka tela hili kabisa.

"Karatasi ya chooni imewahi kumwozea nani?" alimwuliza mwanawe kwenye gurdwara, hekalu lao la Masingasinga, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa chai. Wakaangua kicheko.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Nirvair ana shingo ngumu. "Basi twende wote, Bapu, ukajionee."

Mzee akapanda lorini na birika lake, wakapeleka zabibu Boston, upande wa pili wa nchi. Njia nzima jokofu liliunguruma nyuma yao, na kila liliponyamaza alishtuka.

"Wee! Limekufa?"

"Linapumzika, Bapu. Lala."

Walipofika, mpokeaji alifungua sanduku. Vikonyo vilikuwa bado kijani. Mukhtiar akatia punje moja mdomoni. Ikapasuka, ngumu na baridi.

"Miaka yote nakata, sikujua zinaenda kwa nani," anasimulia mzee, na machozi hayafichi. "Kumbe zinafika hivi! Na aliyezileta ni mwanangu."

Sasa anatoka nyumbani na paratha, chapati za moto. "Umempigia mwenye tela?"

"Bado, Bapu."

"Unangoja nini? Mwambie halirudi!"

Nirvair anafuta mikono, anachukua simu. Jumatatu anapakia tena, na safari hii kiti cha pembeni ni cha mama yake, Gurmej, aliyekata zabibu kwenye mistari ileile ya mizabibu.

"Tena kwa kukata alikuwa ananiacha mbali," anakiri mzee. "Naye akazionje."