Godeliva na Siku ya Arobaini na Moja

Godeliva Nizigiyimana alizaliwa Ulyankulu, kwa wakulima wenye asili ya Burundi. Alipoajiriwa kutunza takwimu katika mradi mmoja wa kilimo pale Isikizya, alikuwa na cheti tu. Wenzake wote walikuwa na shahada.

Mradi ulikuwa na programu ya kuigiza msimu. Unaipa mvua na udongo wa kila kijiji, nayo inakuza mahindi ndani ya kompyuta, siku kwa siku, ili wakulima waambiwe lini wapande. Sasa kwa wiki mbili ilikuwa inakwama palepale: siku ya arobaini na moja.

"Mashine imechoka," alisema Masanja, mkuu wake. "Tuipeleke Dar kwa wataalamu."

"Naomba kwanza nisome logi, mkuu." Logi ni faili ambamo programu huandika kila inachofanya.

Masanja alicheka. "Mistari elfu sita? Sisi tumeshasoma wa mwisho. Unasema udongo umekauka, basi."

Godeliva akaanza na wa kwanza. Alisoma asubuhi nzima, chai ikapoa. Karibu na mstari wa mia tatu akakuta onyo dogo ambalo halikusimamisha kitu: mvua ya Usoke, msimu mzima, 36. Vijiji jirani vilikuwa na mia tisa na kitu.

Akampigia simu Mzee Egidi, katekista anayepima mvua kule Usoke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kipimo chenu kinasoma milimita, baba?"

"Milimita? Hapana, inchi. Ni cha tangu enzi za mapadre wazungu. Mbona hamjawahi kuuliza?"

Godeliva alibadili inchi zote kuwa milimita, ile 36 ikawa mia tisa na kumi na nne, akaiwasha programu upya. Ofisi nzima ikaja kusimama nyuma ya kiti chake. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili! Mtu akapiga kigelegele. Mahindi yakakua hadi kuvunwa, na mavuno yakakaribiana kabisa na yale ambayo watu wa Usoke walipata kweli mwaka uliopita.

Masanja akavuta kiti kando yake. "Haya, dada Godeliva, nionyeshe ulivyosoma."

Alimwonyesha, bila haraka, mstari baada ya mstari. Jioni akampigia mama yake, akamsimulia yote kwa Kirundi, akicheka mpaka machozi.