Joka Lililomeza Mwali

Ilikuwa Jumatano, saa nne kasoro dakika saba asubuhi, barazani kwa fundi cherehani wa Nachingwea. Fundi aliimba wimbo alioutunga kutokana na kitabu cha hadithi, akitikisa tumbo kama joka lililoshiba: "Joka limemeza mwali, ngoma nani acheze?"

Mama mmoja akamwambia, "Fundi, binti yangu ni mwali, anatolewa unyagoni Ijumaa. Kausikia wimbo wako, sasa hataki kutoka."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo barazani, na kitabu hicho nilishakisoma nikifuatisha maneno kwa kidole. Nikasema, "Kilichomezwa ni mwali wa moto, fundi."

Fundi akafikiri, akaimba: "Joka limetapika mwali, kavaa kanga mpya."

Mama akacheka. Ijumaa binti alitoka.

Wanaodai kwamba nilimkaripia fundi wamekosea. Wa kwanza kuuitikia wimbo wake mpya nilikuwa mimi.