Togwa ya Mama Mkwe, Kutoka Muze Hadi Kasanga

Mimi naitwa Polikarp, fundi viatu pale sokoni Sumbawanga. Kama umewahi kuniletea kiatu unanijua: kiatu kitachelewa, maneno hayachelewi. Darasa la saba nilimaliza nikiwa wa pili kutoka mwisho, na huyo wa mwisho alikuwa anaumwa. Lakini mdomo ninao.

Sehemu moja tu naufunga. Mbele ya mama mkwe wangu, mama Otilia. Nyumba niliyooa mimi ina heshima mpaka inauma. Sili mbele yake, simpi mkono, simkazii macho, na mambo ya chooni ndiyo hayatajwi kabisa, kama vile sisi wawili tuliumbwa bila matumbo.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi, dada yake mkubwa, mama Monika wa Kasanga, alikuwa anahama moja kwa moja kwenda kwa mwanae Wampembe. Boti lake Jumamosi, saa nane mchana. Hao ndugu walikuwa hawajaonana miaka tisa. Mke wangu Luciana akaniita.

"Baba Yusto, shuka Muze kamchukue mama. Mfikishe Kasanga mapema, wakae pamoja japo saa mbili. Na huo mdomo, ufunge."

Nikaufunga. Ubaya ni kwamba niliufunga hadi pale ambapo ningetakiwa kuufungua.

Muze iko kule chini, bonde la Rukwa. Sisi wa juu tunalala na sweta mwaka mzima, wenzetu kule saa moja asubuhi jua limeshakukalia shingoni. Nilifika Ijumaa, asubuhi yake mama mkwe akaniwekea togwa kwenye dumu dogo, yeye akaingia ndani ili nipate kunywa. Kubakiza togwa ya mkwe ni matusi. Nikamaliza. Joto lile, nikaongeza na maji vikombe vitatu.

Gari lilikuwa la Muhidin, mfanyabiashara wa mchele, pikapu ya milango minne, magunia nyuma. Mimi nilikaa mbele na Muhidin, mama mkwe kiti cha nyuma na kikapu chake. Tumeanza kupanda mlima, Muhidin, mtu muungwana asiyetaja haja kwa jina lake, akauliza, "Jamani, kuna wa kuchimba dawa? Huko mbele sisimami ovyo."

"Hapana!" Nilijibu haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Hapana, mwanangu," mama mkwe naye akasema.

Kona ya tatu togwa ikaanza kunikumbusha. Njia yenyewe mawe, kila jiwe linaniuliza swali. Nikasema, "Muhidin, hebu tusimame tupoze injini."

"Mshale wa joto uko chini, Fundi."

"Mishale hii ya kisasa inadanganya."

Akasimama. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine shimo ambalo ukitema mate unasubiri. Pa kujificha hamna. Muhidin akachukua galoni akaanza kumimina maji kwenye rejeta, taratiiibu, churururu, churururu. Nilishika kioo cha gari nikamwomba Mungu na watakatifu wote ninaowafahamu kwa majina.

Sumbawanga tukaingia sheli kuweka mafuta. Nikasema hapa ndipo. Nikashuka kwa mwendo wa mtu anayenyoosha miguu, nikazunguka nyuma ya jengo. Choo ni kimoja. Na mbele ya mlango wake kasimama nani? Mama mkwe! Tukaonana. Mimi nikageuka kumsalimia mtu ambaye hakuwepo. Yeye akageuka kusoma tangazo la oili, na mama mkwe wangu hajui kusoma. Tukarudi garini kila mtu na njia yake, bila kufanikiwa, wote wawili.

Ungedhani hapo ningepata akili. Nilichopata ni jasho.

Kutoka Sumbawanga kwenda Matai ni lami, gari linateleza, ila nchi yetu ya juu ile unaijua: nyasi, nyasi, mlima wa nyasi. Hakuna mti wa kumsitiri hata panya. Tulipopita Matai nikaona nyota mchana. Nikasema, "Muhidin, gurudumu la nyuma linagonga."

"Sisikii."

"Mimi ni fundi!"

"Wa viatu."

Lakini akasimama, maana ana magunia. Akapiga jeki, akafungua gurudumu zima, akalitazama, akalirudisha, akanipa spana. "Kaza nati, Fundi, wewe ndiye uliyesikia." Nikachuchumaa. Mtu mwenye tumbo kama langu siku ile haruhusiwi kuchuchumaa. Saa nzima ikaishia pale na zaidi, mama mkwe kanyooka kwenye kiti kama sanamu ya kanisani, hageuki.

Tulipoanza kuteremkia ziwani, vichaka vikatokea. Mama mkwe akakohoa.

"Muhidin mwanangu, simamisha. Mimi naenda kile kichaka cha huku. Baba Yusto aende kile cha kule. Wewe baki katikati, piga honi, usiache."

Muhidin akapiga honi. Alipiga muda mrefu sana, maana mimi nilichukua muda mrefu sana. Punda wa watu alikimbia.

Kurudi garini hakuna aliyemtazama mwenzake. Baadaye akasema kwa nyuma, kama anaongea na kikapu, "Tangu mlimani naomba huyu mtu aseme. Angesema yeye, na mimi ningepona."

Kasanga tuliingia saa nane kasoro dakika kumi. Boti linanguruma, mizigo imeshapandishwa, mama Monika yuko gatini anatazama barabara. Wakakumbatiana, wakaanza kulia, na mwenye boti akaanza kupiga kelele watu wapande. Dakika kumi, kwa miaka tisa. Saa mbili zao nilizimaliza mimi, kwa rejeta nzima na nati zilizokazwa. Nilitamani ziwa linimeze, lakini hata ziwa linachagua.

Mama mkwe akafuta machozi. Akachukua kikapu. Akamshika dada yake mkono, wakapanda boti wote wawili.

"Mama!" nikaropoka.

Akageuka, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe mwanae.

"Dakika kumi hazinitoshi. Mwambie Luciana nipo Wampembe mpaka nichoke. Nikichoka, uje wewe kunichukua. Ila safari hiyo ukibanwa, useme."

Gati zima likasikia. Wachukuzi, wauza dagaa, askari mmoja.

Boti halijafika mbali, simu ikaita. Luciana.

"Mama amefika?"

"Amefika. Halafu amepitiliza."

Nikamweleza. Akauliza, "Mama amekuambia useme? Useme nini?"

Muhidin kalala juu ya magunia anacheka hana sauti. Wauza dagaa wamesogea. Nikashusha pumzi, nikaanza kumsimulia mke wangu, kwa sauti, kuanzia togwa.