Mota ya Redio ya Mama

Juzi mjini Kitale nilisikia kigari cha rimoti kikilia mlangoni pa duka, nikasimama hadi mwenye duka akaniuliza kama nanunua.

Changu cha utotoni, nyumbani Bungoma, kilikuwa kikijikokota tu. Alasiri moja nilichomoa mota ya redio kaseti ya Mama, ambayo haikushika stesheni yoyote, nikaifunga kwenye kigari na kuivalisha gia kubwa kuliko ile ya kwanza. Mikono ilininuka plastiki niliyoiyeyusha kuishikiza. Kigari kikachomoka uani kikilia kama nyuki.

Mama akatoka, akaiona redio iko wazi.

"Mama, si hii ilikufa kitambo?"

Alikaa kwenye ngazi. "Hebu kimbiza tena nione."

Nilidhani amependa zile mbio. Sikujua kwamba nikiwa shuleni, redio ile ilikuwa ikimchezea kaseti moja tu, ambayo Baba alijirekodi akimsalimu kutoka Malakisi, kabla hajafariki. Mota ile ndiyo iliyozungusha sauti yake.

Nilikimbiza kigari mpaka betri zikaisha. Kila kilipompita, Mama aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza.