Unywele, fundi anayezirudisha kazini lenzi za karne iliyopita

Saa tatu kasorobo asubuhi. Joto limeshaanza kubana, lakini fundi anazima feni. Anafunga mlango unaotenganisha chumba chake na saluni ya mumewe, anapangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha anakaa dakika tano bila kugusa kitu.

"Vumbi litulie kwanza," anasema. "Tena hapa vumbi lenyewe ni nywele za watu."

Mezani kuna lenzi ya shaba, nzito kama kopo la maziwa ambalo halijafunguliwa. Ina zaidi ya miaka mia moja. Ilitengenezwa kwa ajili ya zile kamera za sanduku ambazo mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi kichwani. Leo mwenyewe anataka aitumie kwenye kamera ya dijitali inayoenea kwenye mkoba wa mkononi.

Kazi ya fundi ni kuzikutanisha hizo mbili. Anakereza pete ya alumini: upande mmoja unaishika lenzi, wa pili unaingia kwenye mdomo wa kamera. Kwa kusikia ni kazi nyepesi.

"Pete ikizidi unene kidogo tu, utampata bwana harusi aliye mbele yako, ila wageni walioko nyuma watakuwa ukungu mpaka kiama."

Wateja wanamwita Unywele. Jina amelipata kiwandani, alikokereza vipuri vya pampu za maji kwa miaka kumi na minne. Kila alipoulizwa kama kazi iko tayari alijibu, "Bado unywele mmoja."

"Sasa watu wakisikia Unywele, wakiona na saluni hapo mbele, wanaingia kunyoa," anasema, akicheka.

Kiwanda kilifungwa miaka sita iliyopita, wafanyakazi sitini na wawili wakarudi nyumbani. Yeye aliomba sehemu ya kiinua mgongo chake apewe mashine ndogo ya kukerezea, iliyokuwa imetupwa stoo. Miezi minane ilikaa imefunikwa turubai. Siku moja mpiga picha wa harusi, akinyolewa, alimlalamikia mume wa Unywele kwamba ana lenzi nzuri ya zamani na hakuna fundi wa kuifunga kwenye kamera yake.

"Mume wangu akamwambia, 'Kaa hapo hapo, fundi yuko jikoni.' Mimi hata sijui lenzi ina nini ndani!"

Pete ya kwanza iliyokubali ilimchukua siku kumi na tisa, na tatu zilizotangulia ziliishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Siku hizi anatengeneza tano au sita kwa mwezi. Ada za watoto wawili zinatoka humo, na mwezi ukiwa mbaya, anakiri, ni saluni inayowabeba.

Lakini kazi anayoisimulia zaidi ni ile aliyoiharibu.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa sekondari alimletea lenzi ya babu yake mzaa mama, aliyekuwa na studio. Mama wa mwalimu, mwenye miaka sabini na moja, alikuwa amepangiwa upasuaji wa moyo baada ya siku kumi na tatu. Mwalimu alitaka ampige picha kabla, kwa lenzi ile ile iliyompiga akiwa mtoto.

Ringi moja ya lenzi ilikuwa imeganda. Unywele akachukua kikaushio cha nywele cha saluni, akaipasha moto ilegee. Ikalegea kweli. Alipoiinua kwenye mwanga, akaona ndani ya kioo rangi zimetanda kama mafuta juu ya maji.

"Vile vioo ni viwili, vimegandishwa kwa utomvu wa mti. Joto langu lilikuwa limeanza kuviachanisha. Nikakaa sakafuni."

Mumewe alimshauri aseme ilikuja hivyo hivyo. Alikataa, akapiga simu.

"Mwalimu, lenzi yako nimeiharibu mimi. Siyo uzee wake, ni mimi."

Mwalimu akasema, "Mama anaingia hospitali Alhamisi ya wiki ijayo, dada." Akakata.

Asubuhi iliyofuata Unywele alikwenda kwa mzee mmoja fundi miwani, mitaa miwili kutoka kwake. Mzee aliigeuza lenzi mara mbili tu.

"Binti, hii haijafa. Imeachana tu. Tutaioza upya."

Waliiweka kwenye maji wakayapasha polepole mpaka vioo vikatengana. Wakavisafisha kwa spiriti, wakadondosha tone jipya la utomvu, wakavibana. Mara mbili kiputo cha hewa kilibaki katikati, ikabidi waanze upya. Mara ya tatu kiputo kilibaki pembeni, kidogo kama mbegu ya ufuta. Mzee akasema waache hapo hapo.

Pete ilikamilika Jumanne. Jumatano mwalimu alimpiga mama yake picha, ameketi karibu na dirisha.

Upasuaji ulikwenda salama. Miezi miwili baadaye mama mwenyewe aliingia saluni kwa mkongojo, akauliza aliko fundi.

"Ni wewe uliyeharibu lenzi ya baba?"

"Ni mimi, mama."

"Na ni wewe uliyeitengeneza?"

"Ni mimi na mzee wa miwani."

"Haya. Nimekuja kuiona hiyo mikono," akasema, akaishika yote miwili.

Tangu hapo Unywele anakwenda kwa mzee wa miwani kila Jumamosi. Anajifunza kusugua kioo chenyewe, maana lenzi zilizochubuka bado anazirudisha kwa wenyewe bila kuzigusa. Mzee anaacha kazi mwisho wa mwaka, na wamekubaliana kwamba mashine yake ya kusugulia itahamia kwa Unywele.

Mpaka sasa amesugua vioo kumi na viwili vya kujifunzia. Kumi na kimoja vimetoka na makovu.

"Kile kimoja nilimpelekea mzee akikague," anasema. "Alikaa nacho dirishani muda mrefu, akakifuta, akakitazama tena. Mwishowe akakitia mfukoni mwake. Nikamwambia, 'Mzee, hicho ni changu.' Akaniambia, 'Nenda kasugue kingine.'"