Bajaji ya Hewa Niliifunga Mimi, Aibu Kaibeba Baba Mkwe

Admin, naomba ufiche jina langu, na kijiji usikitaje, sema tu ni upande wa Mnyuzi, Korogwe. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni ufundi wa pikipiki na bajaji. Watu wa huku wananiita Injinia. Zamani nilikuwa nalipenda jina hilo, siku hizi nikiitwa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Yote yalianzia kwenye simu. Niliona video ya magari ya huko nje yanayotumia petroli pamoja na hewa. Gari likifunga breki, ile nguvu inayopotea inabana hewa ndani ya mtungi, na wakati wa kuondoka hewa hiyo inalisukuma gari ili injini isinywe mafuta mengi. Jamani, ilinikaa moyoni. Mimi kila siku najaza upepo kwenye matairi, nikajiona hewa naijua kuliko wao.

Kijiji chetu kina bajaji moja, wananchi tuliichangia, ya kuwapeleka wajawazito na wagonjwa hospitali mjini Korogwe. Mwenyekiti wa kamati yake alikuwa baba mkwe wangu, mzee wa heshima, amefanya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Hale mpaka akastaafu. Nikamfuata nyumbani kwake. "Baba, ile bajaji naweza kuifungia mtungi wa hewa, mafuta yatapungua nusu." Akaniuliza, "Na hiyo hewa itabanwa na nini, mwanangu?" Nikamjibu, "Na breki, baba." Akasema atanisemea. Alinisemea kwenye kamati mimi sipo, wakakubali.

Sasa nisikilizeni. Breki zile hazikubana chochote cha maana. Ikabidi mtungi niujaze mwenyewe kwa kompresa ya gereji, ambayo nayo inakunywa petroli, na hewa yote hiyo ilikuwa inaisukuma bajaji kama kutoka msikitini hadi dukani, basi, imekwisha. Nilikuwa nachoma mafuta mengi kuliko niliyookoa, na mtungi wenyewe mzito. Hapo nilitakiwa niseme, jamani nimeshindwa. Lakini watu walikuwa wameshanipigia makofi, mke wangu anatembea anaringa, na mimi kichwa kilishavimba.

Nikafanya ujanja ambao hadi leo naona haya kuuandika. Geji ya mafuta niliikata, nikamdanganya dereva, Mhina, kwamba mfumo mpya hauitaki. Bajaji ilikuwa inalala gerejini kwangu. Mhina akawa anaweka nusu ya mafuta aliyozoea, na mimi kila alfajiri kabla hajaja naongeza nusu iliyobaki kimyakimya kwa pesa yangu. Akawa anazunguka anamsifu Injinia.

Siku moja nikapata msiba Mkata, nikalala huko. Mhina akaweka nusu yake kama kawaida. Asubuhi akampeleka mgonjwa mjini akarudi salama, mchana akamchukua mama aliyeshikwa na uchungu. Katikati ya mashamba ya mkonge petroli ikakata. Akafungua koki ya hewa kama nilivyomfundisha, bajaji ikasogea kidogo, ikasimama. Yule mama alijifungulia hapohapo kando ya barabara, wanawake waliokuwa wanatoka shamba wamemzungushia khanga. Mtoto yupo, Alhamdulillah. Mama alipoteza damu nyingi sana, na mpaka leo anatembea kwa kushika ukuta.

Mkutano ukaitishwa. Nilikaa nyuma, maneno nimeyapanga kabisa, nasubiri kusimama. Mwenyekiti wa kijiji alipouliza wazo la mtungi lilikuwa la nani, baba mkwe akasimama kabla yangu. "Niliagiza mimi. Mkwe wangu alikataa, nikamlazimisha." Kwetu mkwe habishani na baba mkwe, hata kwenye kitanda chake hakai, kwa hiyo hakuna aliyetia shaka. Mama mzazi wa yule aliyejifungulia njiani akamwambia, "Mzee, ulitaka kuniulia mwanangu kwa kutafuta sifa." Mzee wangu akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama." Wakamvua uenyekiti palepale. Mimi nilikuwa nimekaa. Sikunyanyua hata mkono.

Nilimkimbilia njiani, nikamuuliza, "Baba, kwa nini umefanya vile?" Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezeeka kwenye mitambo. Siku ya kwanza tu nilipoona kompresa yako inanguruma kila mara nilijua breki hazifanyi kazi. Nikaona haya kumhoji mkwe wangu, nikasubiri uniambie mwenyewe. Kwa hiyo na mimi nina kosa. Wewe wakikukimbia gerejini wajukuu zangu watakula nini? Yaishe." Akaenda zake.

Hajaligusia tena. Nikimpa shikamoo anaitikia vizuri, anauliza watoto. Kwenye kahawa haendi tena, na watu wakimwona wanapunguza sauti. Nikisimama leo niseme ukweli, nitakuwa nimemwita muongo mbele ya kijiji kizima, mzee ambaye hajawahi kuitwa hivyo. Nikinyamaza, atazikwa na kosa langu.

Kinachonimaliza zaidi ni mke wangu. Yeye anaamini maneno ya mkutanoni, na tangu siku ile hajakanyaga kwa baba yake. Juzi tunakula akaweka tonge chini, machozi yanamtoka, akaniambia, "Mume wangu, naomba umsamehe baba kwa alivyokuponza." Nikamwangalia, nikamjibu, "Nimemsamehe."

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mnishauri. Nianze kumwambia nani, na nitaanzaje?